Imondo ya Mzee Siku ya Krismasi

Mwanangu, jana ulinipigia simu kutoka Kitale ukilia ati Krismasi mwaka huu ni kwako, wakwe wote wanakuja, na hujui pa kuanzia. Pangusa machozi. Hata mimi niliwahi kupika nikilia.

Siku yenyewe naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa bibi harusi wa mwaka huo huo, na ukoo wote wa babako ulikuwa unatoka Tongaren kuja kula kwetu hapo Kitale. Mimi kwetu si Wabukusu, unajua, na shangazi zako walikuwa wameshaulizana, "Huyo wa mjini ataweza kweli?" Nilitaka nyanya yako anipende. Hilo tu ndilo nililotaka.

Basi nikaamua kufanya yote peke yangu. Aliyeuliza alete nini nilimjibu, "Njoo tu na tumbo." Nikapika pilau, chapati, maharagwe na sukuma mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kuku nilinunua dukani, wale waliokwisha kukatwakatwa, nikajiona mjanja sana.

Wakaja, nikapakua. Babu yako akatazama bakuli la kuku, akakoroga na kijiko, akatazama tena. Mimi nikadhani ni chumvi.

Nyanya yako akanifuata jikoni. "Mama, imondo ya mzee iko wapi?"

"Imondo ndiyo nini?"

Ile firigisi, mwanangu! Kwa Wabukusu, ukimwandalia mzee wa boma kuku bila firigisi, ni kama umemwambia hapa huna heshima. Na kuku wangu wa dukani walikuja bila hata moja. Nikamweleza, kisha nikaketi juu ya debe la maji nikalia kwikwi. Nilijua nimeshaharibu.

Nyanya yako alicheka, weee! Alicheka mpaka akashikilia mlango. Halafu akanitazama, na sasa hakuwa akicheka. "Kwani uliona sisi hatuna mikono? Si ungeuliza?"

Akatoka akamwambia mzee mbele ya watu wote, "Imondo yako bado inatembea. Ngoja kidogo."

Jirani akatupatia jogoo. Shangazi zako, wale wale wa kunisema, wakajifunga leso viunoni. Mmoja ananyonyoa, mwingine anachochea moto, mkubwa wao ananisukuma nje ati nikanywe chai na wageni. Ndiyo mara ya kwanza niliketi na watu tangu asubuhi. Tulipiga hadithi na kucheka tukingoja jogoo aive, na nakwambia, hakuna chakula nilichopika siku hiyo kilichonipa raha kama hiyo saa.

Jogoo alipoiva, babu yako alikata imondo katikati. Nusu akala, nusu akaiweka kwa sahani yangu. Enzi hizo mwanamke hakuonja hiyo kitu, bana! Shangazi zako wakatazamana. Mzee akasema tu, "Mtoto wetu amechoka. Mwacheni ale."

Mtoto wetu. Nililia tena, mara hii kwa furaha. Mzee alishatuacha, Mungu amlaze pema, na mpaka leo namshukuru kwa yale maneno kuliko zawadi zote nilizopewa siku ya harusi.

Kwa hivyo nisikize. Wapigie simu wakwe na ndugu zako leo leo. Shangazi akiuliza alete nini, mwambie chapati, maana zake hazina mfano. Pilau mwachie dadako. Maharagwe chemsha siku moja kabla, usingoje ile asubuhi ya kukimbizana. Na kabla hujanunua hata kitunguu, muulize mama mkwe wako kwao wazee hupewa nini na watoto hupewa nini. Atafurahi kuulizwa, utaona. Chakula kikifika mezani, vua hiyo aproni uketi. Watu wanatoka mbali wakuone wewe, hawaji kutazama jasho lako.

Mungu aliyenipa wakwe wa namna ile akupe na wewe, mwanangu. Jiko lako lisikose moto, nyumba yako isikose wageni, na wageni wako wasiache kukuita mtoto wao. Na jioni ikifika, uwe umeketi katikati yao ukicheka, huku mtu mwingine akiosha sufuria.