Nilipulizia misipresi ya baba dawa ya kupe

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa Kirolirwe, Masisi, nyumbani kwa mama. Sijaongeza kitu. Ningetaka kudanganya, ningeficha upumbavu wangu.

Marehemu baba alipanda misipresi mitatu mbele ya nyumba, mmoja kwa kila mtoto. Wangu ni wa kando ya lango.

Mimi ni mtu wa kuzunguka: Walikale, Goma, hata Kampala. Huko mbali nikikumbuka kwetu, kitu cha kwanza kuona ni mti ule.

Kiangazi hiki nikaukuta umegeuka kahawia upande mmoja. Nilipofunua majani, vidukari walikuwa wamejaa kwenye vijiti na utomvu unanata mkononi.

Mama alishaamua. "Tuikate muti yako, tupate kuni. Itaambukiza ya ndugu zako."

Nikamwomba aniachie.

Sasa, sisi wafugaji tukiona mdudu tunajua dawa moja. Nikabeba pampu ya kuogeshea ng'ombe, nikachanganya dawa ya kupe, nikapulizia miti yote mitatu. Kesho yake vidukari walikuwa wamelala chini. Nikatembea kifua mbele.

Baada ya wiki chache walirudi, wengi kuliko mwanzo, na sasa kwenye miti yote.

Papa Bahati, jirani yetu mkulima wa maharagwe, akaja kuangalia. Akafunua nyasi chini ya mti, akanionyesha vidudu vyekundu vyenye madoa meusi. Vimekufa.

"Kaka, muti haiko ng'ombe. Hivi vyekundu njo vilikuwa vinakula vile vingine. Uliua walinzi, mwizi akabakia."

"Sasa nifanye nini?"

"Kata matawi ya kukauka, choma. Ingine osha na maji ya sabuni. Kisha kila jioni mwaga maji mu shina, mpaka mvua irudi. Muti yenye kiu njo wadudu wanapenda."

Mama akacheka. "Kila jioni? Huyu? Papa Bahati, huyu hata miezi mbili hamalizake hapa."

Begi langu lilikuwa tayari mlangoni, nilipanga kurudi Walikale.

Nikalirudisha ndani.

Nimebeba ndoo kutoka kijitoni mpaka mvua zikarudi. Nimejifunza kuangalia nani anakula nani kabla ya kushika pampu. Na kwamba mti huwezi kuutunza kwa kuukumbuka.

Miti ya ndugu zangu imepona. Wangu umekufa upande wa lango, upande wa nyumba una majani mapya.

Jana nilimkuta mama anaumwagia maji, wakati mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

"Mama, mvua imenyesha."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Unaenda siku gani?"

Wenye misipresi nyumbani, mlifanyaje nyinyi? Andikeni, nitasoma zote. Bado nipo hapa.