Miguu ya Malkia wa Sanduku

Mtaani wanamwita Mama Vifungo, kwa sababu hawezi kuona shati lililopungukiwa kifungo akanyamaza. Atakusimamisha njiani na kukuvuta hadi barazani kwenye cherehani yake, na wakati sindano inakwenda, mdomo nao unakwenda: kodi imepanda, fulani kaposwa, fundi wa ng'ambo ya barabara kaharibu tena kitambaa cha watu. Ungeapa kwamba mwanamke huyo hajui kutunza siri. Kumbe alikuwa nayo moja, na hata mumewe alikwenda kaburini bila kuijua.

Ujanani alikuwa miguu.

Usicheke, ilikuwa kazi kweli. Dada yake mkubwa aliolewa na mfanya mazingaombwe, bwana mmoja mrefu aliyejiita Profesa ingawa shule ilimshinda mapema. Mchezo uliojaza ukumbi wake ulikuwa wa sanduku. Dada alilala ndani, kichwa kikitokeza huku na miguu kule, Profesa akapitisha msumeno katikati, kisha akavisukuma vipande viwili mbalimbali. Upande mmoja kichwa kikitabasamu, upande wa pili vidole vya miguu vikichezacheza. Watu walipiga mayowe, na wapo walioapa kwamba lile jambo lina majini.

Majini yenyewe yalikuwa shemeji mtu, Mama Vifungo wetu, wakati huo binti mwembamba, aliyejificha tangu mapema ndani ya meza iliyobeba sanduku. Dada alipokunja magoti hadi kidevuni ili atoshe katika nusu yake, mdogo mtu alijipenyeza kutoka chini hadi nusu ya pili, akatoa miguu nje, imevaa viatu vyekundu vya wazi kama vya dada yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mabango yalimjua mwanamke mmoja tu: Malkia wa Sanduku. Sanduku lilipounganishwa tena, Malkia aliruka chini mzima, akainama mbele ya watu. Mwenzake alisharudi ndani ya meza, na humo alikaa gizani, shingo imepinda, hadi mtu wa mwisho atoke ukumbini. Makofi aliyasikia kupitia ubao, kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Siku moja mzee mmoja aliitwa jukwaani ahakikishe kwamba miguu ni ya mtu hai. Mzee yule mchokozi akaitekenya unyayoni. Miguu ikarusha teke, na kicheko kikatokea upande usio na kichwa. Dada hakupoteza sekunde. Akaangua kicheko kikubwa zaidi kukifunika kile cha mdogo wake, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Profesa peke yake hakucheka. Baada ya onyesho aliwakalisha dada wote wawili na kuwaapisha kwamba siri ile hawataitoa kwa mume, kwa mtoto wala kwa shoga. Wakaapa.

Miaka ikaenda, Profesa akafariki, na binti yake akaligeuza ghala la marehemu kuwa makumbusho madogo ya mazingaombwe. Mama Vifungo, ambaye ni mama yake mdogo, alialikwa mara nyingi, na kila mara alikuwa na sare za shule za kumalizia. Uongo mtupu. Alikuwa anaogopa kuliona lile sanduku. Mwishowe dada mtu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akampigia simu na kumwambia aje wangali wanaonana, asingoje kuja kumlilia. Akafunga cherehani, akaenda.

Palikuwa na vyumba viwili vilivyopakwa chokaa upya. Ndani ya makabati ya vioo kulikuwa na kofia yenye tumbo la pili, birika lisiloisha maji, karata za Profesa zilizolainika kwa kushikwa. Binti alikuwa akiwatembeza wageni, na maneno hayakumpungukia, nadhani kayarithi kwa mama yake mdogo. Wakafika kwenye sanduku. Upande wa kichwa palining'inia picha ya Malkia. Upande wa pili ilitokeza miguu ya plastiki, ile ya sanamu za maduka ya nguo, imepakwa rangi kucha.

Binti akaeleza kwamba wageni hupenda kuuliza miguu ile ilikuwa ya nani. Si ya mtu, akasema. Ilikuwa ya mpira, na mama yake aliichezesha kwa kamba akiwa humo ndani.

Iliuma. Mama Vifungo hakuwahi kuyaonea wivu yale mabango. Dada yake alikuwa mzuri na alistahili. Alichotaka maishani kilikuwa kidogo sana, kwamba walau mtu mmoja ajue kuwa na yeye alikuwepo. Sasa hata nafasi yake imepewa plastiki. Neno lilimfika kooni, akalimeza, maana kiapo ni kiapo. Akamwambia binti kwamba kazi ni nzuri, hongera, akaanza kuutafuta mlango.

"Haikuwa ya mpira," dada mtu akasema kutoka nyuma ya wageni, ameegemea mkongojo wake.

Wageni wakageuka. Mama Vifungo akamrudia upesi, akamshika mkono na kumnong'oneza, "Dada, tuliapa."

"Tuliapa kwa mume wangu, na mume wangu nimeshamzika. Na wewe nije nikuzike ungali ndani ya meza?"

Kisha akainua sauti ili wote wasikie. "Miguu ni ya huyu. Ni mdogo wangu. Mimi nilikuwa kichwa tu."

Binti alimtazama mama yake mdogo kuanzia juu hadi chini, na macho yakakaa sana huko chini, miguuni. Machozi yakamtoka. Akaenda kuichomoa ile miguu ya plastiki na kuitupa nyuma ya mlango. Mgeni mmoja akaanza kupiga makofi, wa pili akadakia, chumba kizima kikafuata.

Mama Vifungo akageuka nyuma kuangalia anapigiwa nani. Hapakuwa na mtu. Akaukumbatia mkoba wake kifuani. Hakujua asimame vipi. Jambo hilo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Dada yake akamshika mkono na kumsogelea sikioni. "Usikimbie. Shusha mkoba. Inama kidogo, hivyo hivyo."

Akainama. Dada akamwachia mkono, akarudi nyuma taratibu na mkongojo wake hadi kando ya meza, ili pale mbele abaki mmoja tu.

"Sasa inua uso, mdogo wangu, uwaone."

Akauinua, akawaona.