Ijumaa Watu wa Barabara ya Pulliam Wanafutwa

Unageuza uso. Bahasha ya mahakama ikija unaitupa pamoja na matangazo ya magodoro, halafu hukumu ikitoka unauliza, "Hivi walioamua ni akina nani?"

Mwulize Verdell Mayhew.

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha chini ya ardhi, mwisho wa ngazi za mahakama ya kaunti ya Tolliver, Georgia, Marekani, anakata kamba ya furushi la barua zilizorudi. Yeye peke yake ndiye anayetunza orodha ya wanaoweza kuitwa kwenye jopo, wale kumi na wawili wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Hulipwa dola kumi na tatu kwa saa. Miaka kumi na tisa sasa, na kikombe mezani ni kimoja.

Barua 317 zimerudi, karibu zote za Barabara ya Pulliam, mtaa wetu sisi Weusi. Kaunti ilibadilisha namba za nyumba ili magari ya wagonjwa yasipotee. Daftari la wapiga kura, ambamo majina ya jopo hutoka, halikuguswa; lina namba za zamani. Barua ikirudi, jina hufutwa. Ijumaa saa sita mchana orodha inafungwa, kwa miaka miwili.

"Marehemu hawafutwi," anasema Verdell. "Barua zao hupokelewa na wajane. Wanaofutwa ni walio hai."

Zamani sisi Weusi tuliandikwa kwenye karatasi za manjano, ili mkono unaochota majina ya jopo ujue wa kuwaacha. Siku hizi hahitajiki mtu wa kutuacha. Posta inatosha.

Mchana, kwa petroli yake, Verdell anaizunguka Pulliam na fomu za anwani. Mapazia yanafungwa. Hata kanisani benchi lake halijai; nani akae karibu na mwenye kuita watu mahakamani?

"Huyo anakuja na balaa lake!" anapaza sauti Hosea Bledsoe, fundi bomba mstaafu, nyuma ya mlango wa wavu. "Dada Verdell, nifute! Magoti yangu yalistaafu kabla yangu."

"Jopo hukaa, Mzee Bledsoe. Magoti hayaulizwi."

Mzee anacheka. Kisha anaiona fomu, kicheko kinakatika. "Mwaka wa kesi ya mdogo wako niliitwa. Bahasha nikawashia jiko."

Mdogo wake Verdell, Lucius, alifungwa miaka ishirini baada ya kutiwa hatiani na watu kumi na wawili ambao hata mmoja hakuijua Pulliam. Verdell alikaa mahakamani siku nne akizihesabu nyuso.

"Najua, mzee. Nilipoajiriwa nililikuta jina lako. Pembeni wameandika, 'Hakujibu.'"

"Miaka yote hiyo? Na unakaa nyuma yangu kanisani?"

"Ningekaa wapi?"

Bledsoe anafungua mlango, anaomba kalamu. Anaiandika namba mpya polepole. Hamkaribishi ndani, wala hamtazami.

Hiyo ni fomu ya arobaini na moja. "Nikifikisha mia," anasema Verdell akirudi garini, "huenda mtu wetu akisimama kizimbani ataona japo uso mmoja anaoujua."

Leo ni Jumatano. Wewe wa Pulliam unayejiambia kwamba jirani atakwenda: jirani naye anajiambia hivyo hivyo. Vaa viatu, chukua kitambulisho, shuka zile ngazi za mahakama uandike namba mpya ya nyumba yako. Sasa hivi.