Karatasi Zilizokataa Moto

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa akili zote nilizokuwa nazo wakati ule, kwamba mashairi ya yule mwanamke wa Marekani yalitiwa motoni yakakataa kuungua. Si kwamba yaliokolewa. Yalikataa. Nilivyoambiwa, mdogo wake aliyamwagia mafuta ya taa, akawasha njiti ya kiberiti, akawasha ya pili, akamaliza boksi zima, na karatasi zikabaki zinamtazama, nyeupe vilevile kama gauni alilovaa marehemu siku zote.

Aliyenipa habari hiyo ni mwenzangu wa darasa, Mrundi mmoja kinyozi wa mtaani kwetu, Albert Park. Akikunyoa anakusimulia dunia nzima, unatoka kwake na kipara na shahada.

"Mpaka leo ziko kwenye kabati la kioo huko Marekani," alisema, wembe uko shingoni mwangu. "Kila mwaka wanazijaribu tena na njiti moja, kuhakikisha."

"Umeziona wewe?"

"Mimi nizione wapi? Wazungu wenyewe wameandika!"

Hiyo ilinitosha. Mtu mwenye wembe shingoni kwako huwezi kumdai ushahidi zaidi.

Tulikuwa tunasoma shule ya jioni, katikati ya mji, katika chumba ambacho mchana kilikuwa cha kufundishia ushonaji. Watu wazima wenye vitambi tulikunja magoti katikati ya vyerehani. Mchana nilikuwa fundi simu kwenye kibanda karibu na soko la Warwick. Ikifika jioni nilinawa mikono nikawa mhakiki wa fasihi. Nisiringe, lakini naamini hakuna mtu aliyewahi kuhakiki fasihi akiwa na njaa kama ile.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizulu mwenye sauti ndogo, mpaka tukajifunza kutopumua ili tumsikie. Alitufundisha juu ya mshairi huyo wa karne ya kumi na tisa aliyekaa nyumbani kwa baba yake miaka na miaka, akiwaandikia watu barua na kutia mashairi ndani yake. Katika uhai wake yalichapishwa machache sana. Mengine aliyaandika nyuma ya bahasha zilizokwisha kufunguliwa, kwenye vipande vya karatasi vya jikoni, kwenye chochote kilichokuwa karibu na mkono. Alipokufa ndipo yakaonekana. Na walioyapeleka kwa wachapaji mara ya kwanza wakayanyoosha: wakatoa vistari vyake, wakaweka nukta, wakabadili maneno ili vina vikae sawa. Wahakiki nao, wengine wakamsifu, wengine wakasema huyu mama hajui kuandika. Ilichukua muda mrefu watu kurudi kwenye mwandiko wake wenyewe na kumwacha aseme alivyosema.

Darasa zima lilisinzia. Mimi sikusinzia, kwa sababu ya zile bahasha. Mtu wa namna hiyo nilikuwa naye nyumbani.

Alikuwa bofrere wangu, mume wa dada yangu mkubwa. Huko kwetu alikuwa mwalimu. Hapa alichunga magari ya watu kwenye maegesho ya maduka, amevaa kizibao cha njano, anapunga mkono kuwaelekeza madereva wanaojua kabisa wanakokwenda. Na aliandika. Aliandika kwenye maboksi ya simu niliyomletea, kwenye risiti zilizookotwa, kwenye mfuko wa chipsi aliopasua ili apate upande wa ndani wenye rangi ya fedha. Angepata jani la mgomba angeliandika pande zote mbili. Akishamaliza alitumbukiza kwenye mfuko mkubwa wa plastiki wenye miraba, ule ambao kila aliyewahi kukimbia vita anaujua, na mfuko ulikaa chini ya kitanda.

"Bofrere, leo unaandika nini?"

"Naandika gari."

"Gari?"

"Gari iko na mwenyewe. Mwenyewe iko na haraka. Haraka njo haina mwenyewe. Niache nimalize." Kwetu "ndiyo" ni "njo".

Dada alimwomba mara nyingi amsomee. Jibu lilikuwa lilelile: "Bado haijaiva, mama." Dada alikuwa anajua kusoma, polepole, kidole juu ya mstari, na angeweza kuchungulia. Hakuchungulia. Alisema kitu cha mtu hakifunuliwi kikiwa bado jikoni.

Sehemu inayofuata siitii chumvi. Kifua kilimshika majira ya baridi. Akasimama nacho kwenye maegesho, kwa sababu magari hayaumwi. Alipolazwa hospitali alikuwa ameshachelewa, na hakutoka.

Matanga yalikaa kwenye chumba chetu, juu kabisa ya jengo, na lifti yetu iliharibika kabla dunia haijaumbwa. Waombolezaji walifika wakihema hata hukujua nani analia na nani anatafuta pumzi. Wamama wa kanisa walilala chini, wakapika, wakaimba. Kisha wakapungua, wakarudi kwenye saluni zao na meza zao za kuuzia, na dada akaanza kuota. Mume wake anasimama mlangoni na kizibao chake cha njano, anamwita, anampungia mkono aje, aje, kama anavyoelekeza gari.

Siku ya kuondoa matanga kwetu vitu vya marehemu hugawanywa, kila kimoja kwa mtu wake, ili asiwe na sababu ya kurudi kuvitafuta. Mimi nilipewa viatu. Koti lilikwenda kwa mwenzake wa maegesho. Mkanda, redio, sufuria yake ya ujana, vyote vikapata mikono. Ukabaki mfuko.

Aliyesimamia ugawaji alikuwa mama mwombezi wa kanisa letu. Akiomba Albert Park, vyombo vinatikisika Pinetown, nje ya mji. Aliusukuma mfuko kwa ncha ya kiatu.

"Na hii iko nini?"

"Iko maandiko yake," dada akasema.

"Umesoma?"

"Bado."

"Usisome! Kusoma maneno ya mufu na matanga haijatoka, unajibishana naye. Unaona sasa? Njo maana anakuita. Hii ichomwe, mwanangu, ulale."

Dada aliuvuta mfuko ukaingia katikati ya magoti yake. Alikuwa hajalala vizuri tangu mazishi. Macho yake yalikuwa mekundu kama taa za barabarani, zile wanazoziita robot. Mle ndani kulikuwa na kila alichofikiri mume wake kwa miaka yote ya ugeni huu, na yeye hajasikia hata neno. Alinitazama mimi.

"Wewe njo unasomaka mambo hii ya mashairi. Sema kitu."

Nikasema. Jamani, nilisema! Niliwaeleza habari za mwanamke wa Marekani, gauni jeupe, bahasha, mdogo mtu na mafuta ya taa. Boksi la kiberiti nililizidisha likawa mawili. Nilitaka waone kwamba maandiko ya mtu si taka, kwamba yako mengine hata moto unayaheshimu, kwa hiyo na hayo tuyaache. Nilipomaliza nikajua nimeshinda.

Mama mwombezi alitafakari.

"Basi iko rahisi," akasema. "Tutie moto. Kama iko ya Mungu, itakataa. Tutajua wote, na mutoto wetu atasoma bila woga."

Nilifungua mdomo, halafu nikaona uso wa dada. Ulikuwa umefunguka. Tangu hospitali sikuwa nimeuona uso ule.

"Kweli ilikataa?" aliniuliza.

"Kabisa, yaya," nikasema, maana dada mkubwa kwetu ni yaya.

"Yote?"

"Hata moja haikushika."

"Basi twende juu."

Sikuwa namdanganya. Hilo watu hawalielewi nikiwasimulia. Nilipanda ngazi za paa nikiwa na uhakika kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Kanisani tulifundishwa tangu utoto kwamba kilicho cha Mungu moto haukigusi, na shuleni sasa nimepata mfano wa Kizungu. Dini na elimu zimekubaliana. Ni nani mimi nibishane nazo?

Paani kulikuwa na nusu ya pipa ambamo wapangaji huchoma nyama siku za Jumapili. Bado lilinuka mafuta ya soseji. Upepo ulikuwa unatoka bandarini, mama mwombezi akakinga kwa kitenge chake, mkaa ukashika. Dada hakumwaga mfuko. Alitoa kipande kimoja kimoja, akakilaza juu ya makaa taratibu, kama anamlaza mtoto aliyesinzia.

Mfuko wa chipsi ndio uliotangulia. Ulijikunja ukatoweka.

"Hiyo ni plastiki," nikasema. "Plastiki haihesabiki."

Risiti zikafuata. Zilikuwa nyeusi kabla hazijagusa moto.

"Ngoja," dada akasema. Tukangoja. Akalaza kipande cha boksi la simu, na nikaona mwandiko wa bofrere, ule mdogo uliolala upande mmoja, ukang'aa kidogo pale moto ulipokuja kwa nyuma. Kisha ukaenda.

"Hizo za juu ni za kujifunzia, yaya. Zilizoiva ziko chini."

Nami niliamini hata hilo. Naye aliamini. Aliendelea kulaza, anapiga magoti kwenye sakafu ya paa, anatazama kila kimoja mpaka mwisho wake, ndipo achukue kingine. Mama mwombezi alikuwa ameacha kuomba. Naapa hata yeye alikuwa anangoja; shingo yake ilikuwa imenyooka kuelekea pipa kama ya mtu anayetafuta uso kwenye kituo cha basi.

Kipande cha mwisho kilipoanza kushika, dada aliingiza mkono. Nilimvuta kwa mabega. Vidole viwili viliungua, na alichokuwa amekishika kilikuwa jivu lenye umbo la karatasi. Upepo ukalichukua.

"Amina," mama mwombezi akasema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, sauti ya kumnong'oneza mtu. Akavua kitenge chake akamfunga dada mkono.

Dada alikaa chini pembeni ya pipa.

"Ya yule mwanamke wako," akaniuliza, "ilikataa moto gani? Hii yetu iko moto ingine?"

Nilichokora majivu kwa kijiti, nikitafuta hata herufi moja.

Lilibaki shairi moja. Bofrere alipokuwa hospitali, mwalimu alitutaka tulete shairi la lugha yetu, nami nikatoa kipande kimoja kwenye mfuko ule wa chini ya kitanda, nikanakili, nikakirudisha. Ila sikunakili tu. Nilikuwa mwanafunzi wa fasihi. Niliweka nukta ambapo yeye hakuweka, nikatoa neno ambalo nilidhani amelirudia kwa kusahau, na mstari wa mwisho ulikuwa haufanani na mwenzake, nikaunyoosha. Nilimpelekea dada karatasi hiyo wiki ya vidole vyake kupona. Akasoma, kidole cha mkono usioungua juu ya mstari:

Unaniachia gari yako nyekundu niishike.
Unaniachia mvua pia.
Ukirudi unachukua gari.
Mvua inabaki kwangu, nami natulia.

Alisoma tena. Kidole kikasimama mwishoni.

"Hapa ni yeye? Yeye hakuwa anasema hivi."

"Hapo nilirekebisha kidogo."

"Yeye alisema nini?"

Nilijaribu. Nililiona boksi lile, boksi la simu nyeupe, niliona hata doa la chai. Mstari sikuuona. Nikamwambia sikumbuki, naye akaikunja karatasi akaiweka kwenye Biblia, na mpaka leo akiisoma husoma mistari mitatu tu.

Ndoto hazikuisha. Mume wake bado huja mlangoni, ila sasa, dada anasema, hapungi mkono. Anasimama tu.

Mwisho wa mwaka tuliandika insha juu ya namna mashairi ya mwanamke yule yalivyofika kwa wasomaji. Niliandika kurasa nyingi mpaka wino ukaomba likizo, na katikati, kwa ukaidi au kwa uchovu, niliweka habari ya moto. Nilitaka mtu aniambie kwamba kule ilikuwa kweli, kwamba tatizo lilikuwa la makaa yetu, au la upepo, au letu sisi.

Mwalimu aliniita wenzangu walipokuwa wanaondoka. Alikuwa ameweka mstari wa kalamu chini ya sentensi moja.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa kinyozi."

Hakucheka. Nikamweleza na habari za pipa, kwa nini sijui. Nilimweleza vidole, nilimweleza mstari wa nne. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Eish, baba," alisema. Kisha akasema polepole, kwa sauti yake ileile ndogo, nami nikaacha kupumua ili nimsikie.

"Barua ambazo mshairi aliandikiwa na watu, mdogo wake alizichoma, kwa sababu alikuwa amemwahidi marehemu. Ziliungua kama karatasi yoyote. Halafu akayakuta mashairi. Hayo hayakutiwa moto kabisa. Aliyashika mkononi, akayasoma, hakutaka kuyachoma."