Kutoka Kisutu Hadi Kariakoo kwa Miguu Inayojifunza Upya

Safari yenyewe ni fupi. Mtu mzima mwenye afya haibebei hata maji. Kwangu mimi ilikuwa safari ya kuamua nitaishi wapi. Homa ya dengi ilinilaza vibaya, na ilipopoa, miguu ikalegea. Daktari alisema kinga ya mwili, baada ya kupambana na virusi, iligeukia mishipa yangu ya fahamu. Nilipouliza kwa nini, akajibu, "Hatujui vizuri." Nilimpenda kwa jibu hilo. Nguvu zilianza kurudi taratibu, lakini Mama alitaka nirudi Moshi anitunze, nami nilikuwa nimeshapata kazi Posta. Tukakubaliana: nikienda Kariakoo na kurudi peke yangu bila kuanguka, nabaki Dar.

Asubuhi, Kisutu. Jirani yangu Mama Jayesh alikuwa mlangoni akitunga maua ya kupeleka hekaluni.

"Shikamoo, Mama Jayesh."

"Marahaba. Na miguu hiyo, wapi?"

"Kariakoo, kununua viatu."

"Ikigoma je?"

"Nitakaa chini, wamachinga watanifuata."

Alicheka, akanitilia ladu mbili, vile vitamu vya Kihindi, mkobani.

Mnazi Mmoja. Unyayo wa kushoto bado hauinuki vizuri, hivyo nanyanyua goti juu kama jogoo anayevuka tope. Muuza maji akaniita, "Dada, gwaride la wapi hilo?"

"La Kariakoo."

"Basi, kushoto geuka!"

Nikageuka kweli, maana njia ilikuwa huko.

Kariakoo. "Mzigo! Pisha!" Mikokoteni haina huruma na wagonjwa, nikaambaa na ukuta mpaka duka la viatu la Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wote wa kwetu Kilimanjaro. Nilitaka buti la kushika kifundo cha mguu.

"Buti na joto hili la Bongo? Chukua sendozi hizi, za Italia."

Nikageuza soli. Palikuwa na jina la nchi nyingine kabisa.

"Msomi wewe," alilalamika, akaenda kuleta buti. Alipoona ninavyofunga kamba kwa tabu, akauliza, "Umerogwa?"

"Hapana. Sungusungu wanaolinda mwili walimaliza mwizi, wakaanza kupiga wenye nyumba."

"Walikosa mwenyekiti hao," alisema, akapunguza bei bila kuombwa.

Kurudi, Mnazi Mmoja tena. Nilikuwa nimechoka, ncha ya buti ikanasa kwenye ukingo wa njia, nikaenda chini mzima mzima. Muuza maji akaja mbio.

"Niache kwanza, kaka. Nijaribu."

Nikapiga goti moja, nikaegemea paja, miguu ikatetemeka, nikasimama. Nikampigia Mama. Uongo ungekuwa rahisi, lakini sikuutaka.

"Mama, nimeanguka."

"Nani kakuinua?"

"Nimeinuka mwenyewe."

"Ulishika nini?"

"Paja langu tu."

Mama ndiye aliyenikuta sakafuni siku zile alipokuja kuniuguza, akalazimika kuita majirani wawili waninyanyue. Kumbe kuanguka hakukumtisha hata kidogo. Alichoogopa ni mimi kulala pale chini, peke yangu, hadi mtu aje. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwa nimemuuliza hilo.

"Haya," alisema, akipenga kamasi. "Baki. Ila hayo mabuti usiende nayo kazini, watakudhani mlinzi."