Kaingu na Lango la Chakula

Kaingu alizoea kupiga. Alipokuwa kuli bandarini Shimanzi alipigania kila lori la kupakua. Shirika moja la misaada lilipomwajiri alinde lango la ghala lake hapa Mji wa Kale, likampa rungu, akaona kazi ni ile ile.

Mwaka jana, baada ya mafuriko, watu walipigania chakula langoni na mama mmoja akavunjika mguu. Wakaja watathmini, wale wanaotumwa kupima kama msaada umewafaa watu. Waliuliza nyumba kwa nyumba, kisha wakamwambia mkuu wa ghala, Bwana Ishaq: msiite watu wote pamoja. Iteni mtaa baada ya mtaa, akina mama wa mtaa wasimame langoni, maana wao wanajuana na watu wao. Mlinzi asishike rungu.

Bwana Ishaq akawashukuru, akawanunulia soda. Hakubadilisha kitu. Kaingu alifurahi, kazi yake imesalimika.

Juzi mafuriko yakarudi. Watu wote wakaitwa asubuhi moja. Jua lilipokaza, wa nyuma wakasukuma, wa mbele wakabanwa kwenye chuma cha lango wakipiga mayowe. Kaingu akashusha rungu: begani, mkononi, kisha kichwani mwa kijana wa mtaa wa Kuze. Kijana akaanguka, damu ikamjaa machoni.

"Ameua!"

Wakamvuta Kaingu kwa ukosi, wakampokonya rungu.

"Haya, kula! Si ndicho chakula unachotugawia?"

Rungu likamvunja meno. Mateke yakamwingia mbavuni. Mtu mmoja akainua jiwe kwa mikono miwili.

Swabaha, muuza mahamri wa mtaa wa Kibokoni, akamlalia Kaingu juu.

"Mama, ondoka!"

"Siondoki! Mkimuua huyu, kesho wataajiri mwingine." Akainua uso kwenye dirisha la juu la ghala, alikosimama Bwana Ishaq akitazama. "Weye Ishaq! Watathmini walikaa barazani kwangu, nikawaambia, nao wakakwambia. Ulizibwa masikio? Shuka, au maiti hii uizike weye!"

Ishaq akashuka. "Sasa nifanye nini, mama?"

"Unaniuliza leo!" Swabaha akasimama, kanga yake imelowa damu. "Kuze, mpelekeni kijana wenu hospitali. Mtaanza nyinyi kupewa chakula. Kibokoni, kaeni chini!"

Wakakaa, wakitukana. Yule wa jiwe naye akakaa, jiwe mapajani.

Kaingu akatolewa kwa mkokoteni, anapumua kwa shida. Hakuna aliyempiga tena, wala hakuna aliyempa pole.