Kumlaza Mzee: Kutoka Jebel Ali Hadi Oud Metha

Safari hii ilianza na simu ya mama kutoka Musoma. Mdogo wangu Nyangeta alikuwa anaolewa, na baba alikuwa ameshafariki. Mama akasema, "Angalau wimbo wake wa gitaa usikike siku hiyo. Upige wewe huko, ututumie." Nilikubali, ingawa wimbo huo ulikuwa unanishinda. Gitaa niliachiwa na Mfilipino mmoja wa ghala letu alipomaliza mkataba, na nyuzi nilizikaza kama nilivyomwona akizikaza yeye. Vidole havikufika alipokuwa akifika baba. Nikadhani mikono yangu ndiyo mibovu.

Kwenye kambi ya wafanyakazi Jebel Ali, huku kwa Waarabu, nilikuwa nalala chumba kimoja na Okello, mlinzi kutoka Uganda. Jioni moja alinisikiliza, akasema, "Wewe unateseka bure. Kanisani kwetu iko dada moja wa Kenya, Nafula, anapiga hiyo ya kwenu. Ijumaa twende."

Ijumaa mchana, siku ya mapumziko huku na ya ibada pia, tulipanda metro. Gitaa nililifunga kwa shuka, nikalikumbatia. Okello alisalimia watu njia nzima, mimi nilitazama viatu vyangu. Tulibadilisha treni BurJuman, tukashuka Oud Metha, jua likiwa kali hata ukuta ulichoma.

Ibada ilipokwisha, Nafula alitoka. Ni dada mnene, mcheshi, anayefanya kazi za ndani Mirdif. Dereva wa bosi wake alikuwa njiani kumchukua, na ruhusa nyingine hakujua angeipata lini. Tulikaa kivulini nyuma ya kanisa. Aligusa nyuzi, akacheka.

"Kwani gitaa yako umeikaza hivi, unataka kuanikia nguo? Hebu kwanza tumlaze mzee."

"Mzee yupi, dada?"

"Huyu mnene wa juu."

Alilegeza uzi ule mnene mpaka ukanguruma. Maneno hayo niliyajua. Nyumbani tulikaa na babu, na kila jioni baba alituambia, "Ngojeni nimlaze mzee," akaingia chumbani na gitaa. Miaka yote nilijua anakwenda kumlaza babu. Nilipomweleza Nafula, alijifuta machozi ya kicheko.

"Na babu je?"

"Babu alilala mwenyewe, baadaye."

Alilegeza na uzi unaofuata, kisha ule mwembamba wa mwisho. Nyuzi tatu za katikati hakuzigusa. Akapitisha kidole kwenye nyuzi zote bila kubana popote, zikaitikiana kama kwaya. Sauti ya baba ilikuwa mle ndani. Nilitoa kalamu, nikaanza kuandika herufi moja moja.

"Acha," alisema. "Naona unavyoandika. Dereva atafika hujamaliza mstari. Imba sauti ya kila uzi, uende nayo kichwani."

Mimi kuimba mbele ya watu siwezi, na waumini walikuwa wanapita. Okello akawageukia, akaanza kuwauliza habari za nyumbani ili wasinitazame. Basi nikaimba, uzi mmoja mmoja, Nafula akinirudisha nilipokosea. Nilikuwa nimemaliza ule mwembamba gari lilipopiga honi. "Yalla, haraka, Nafula, madam anapiga simu," dereva aliita. Aliondoka mbio, hata asante yangu sijui kama aliisikia. Ile ilikuwa nafasi yake ya kupumzika, akanipa mimi.

Kurudi, ndani ya metro, niliimba nyuzi zile kwa pua ili zisinipotee. Mzee mmoja wa Kihindi alisogea pembeni kidogo. Kambini tulikuta joto limezitoa nyuzi zote kwenye sauti zake. Nilizirekebisha upya kwa kuzifuata sauti nilizozibeba, nikapiga, Okello akarekodi kwenye simu yake, tukatuma.

Kabla ya siku hiyo nilidhani gitaa lina namna moja tu ya kukazwa, na asiyeiweza hafai. Nimejifunza kwamba mikono yangu haikuwa na kosa, na kwamba watu wanaweza kukubeba bila wewe kuomba kwa sauti kubwa.

Kesho yake Nyangeta alijibu. "Kaka, mama amesikiliza. Anasema ndiyo yenyewe, ila baba hakuwa na haraka hivyo. Anaomba urudie, polepole, yeye atasubiri."